Muhuri wa Udongo Mweupe

Paukwa! Pakawa.

Palikuwa na nchi ya wanyama iliyoanzia kingo za mto Ruvu pale Mlandizi, ikapita Kibaha yote, ikapanda vilima vya Kisarawe, ikaingia msitu wa Kazimzumbwi na kutokea Maneromango. Wanyama wa nchi hiyo walikubaliana jambo moja jema. Kila msimu wa korosho, mwenye kuvuna madebe kumi alipeleka debe moja kwenye ghala la wote, Kisarawe. Korosho za ghala hilo zilikuwa mshahara wa waliofanya kazi ya wote: waliozibua mifereji wakati wa masika, waliolinda visima wakati wa kiangazi, waliotibu wagonjwa na waliowafundisha watoto kuitambua mitego. Hao waliitwa watumishi. Majina yao yaliandikwa katika daftari moja lililokaa Kibaha, na kila mwezi ulipoandama, aliyeandikwa alipokea pishi zake.

Daftari lilikuwa na masharti. Hakuandikwa yeyote ila kwa nafasi iliyo wazi, kwa usaili na kwa cheti. Cheti kilikuwa kipande cha gome la mninga ambacho Mwalimu Bundi alimpa mwanafunzi aliyefaulu, kikapigwa muhuri wa udongo mweupe unaochimbwa katika mapango ya Pugu. Mlinzi wa pango la muhuri alikuwa Kicheche. Afisa Utumishi, mwenye kuandika daftari, alikuwa Nyani. Mkurugenzi wa wote alikuwa Kiboko, aliyeishi majini Ruvu, na barua ya ajira haikuwa na nguvu mpaka unyayo wake uwe umepita juu yake.

Paa alifaulu kwa Mwalimu Bundi. Alijua majani ya homa na majani ya sumu ya nyoka, akijua pia kipimo cha mtoto na kipimo cha mkubwa. Siku iliposikika kwamba zahanati ya Maneromango inahitaji tabibu, alitembea usiku kucha kutoka Kisarawe mpaka Kibaha, cheti chake kikiwa kifuani.

"Shikamoo, Bwana Afisa."

"Marahaba, binti. Cheti kizuri. Acha jina lako, tutakuita."

Hakuitwa. Alirudi mara nyingine, akaambiwa kibali cha ajira hakijatoka. Akarudi tena, na safari hiyo Nyani alifunga daftari, akashusha sauti. "Nafasi ipo. Njoo kesho jioni kule mtoni, peke yako, tuizungumze vizuri." Paa alichukua gome lake akaondoka bila kuaga. Misimu sita ya korosho ilipita akilima mihogo kwa mama yake, na elimu ya kutibu ikilala kichwani mwake.

Kenge hakuwahi kufika kwa Mwalimu Bundi. Lakini mama yake alikuwa na shamba la mikorosho pale Msanga, na Kicheche alimwambia wazi kwamba kazi ina bei. Mama akauza shamba. Kicheche akachukua madebe yake, akakoroga udongo mweupe na majivu ya jikoni ili udongo wa kweli usipungue ukajulikana, akapiga muhuri. Nyani naye akapokea yake, akaliandika jina. Kiboko alipelekewa fungu kubwa kuliko yote, akainua mguu, akakanyaga barua bila kuisoma. Kenge akawa tabibu wa Maneromango.

Nyani hakuishia hapo. Ndani ya mapango ya Pugu walilala popo wengi, na popo hawakujua hata kama nchi ina daftari. Nyani akaandika majina yao kama walinzi wa visima, wazibuaji wa mifereji na walimu. Akaongeza majina ya wanyama waliokwisha kufa, ambao kwenye daftari waliendelea kupanda cheo. Kila mwezi ulipoandama, pishi za popo na za marehemu zilitoka ghalani Kisarawe zikaenda kwa Nyani, naye akazipeleka mtoni kwa mgawanyo. Siku Ngiri alipouliza kwa nini ghala linapungua ilhali mavuno ni mengi, alijibiwa kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Ngiri akasema, "Basi ni nani anayeifungua kamba?" Wiki ile ile akahamishiwa kisima kikavu kisicho na mlinzi mwenzake, kwa barua yenye unyayo halali.

Palikuwa na Kobe pia. Mzee Kobe alianza kuzibua mfereji wa Ruvu kabla Bundi hajafungua shule. Alijua mahali tope linapojificha na mwezi ambao mizizi ya mkuyu huvunja kingo. Vijana wote wenye vyeti vya mifereji walifundishwa na yeye. Lakini gome la mninga hakuwa nalo, kwa kuwa siku aliyoajiriwa halikuwa sharti.

Kiangazi kilipofika, visima vilivyoandikiwa popo havikuwa na mlinzi, vikafukiwa na mchanga. Maji yakakata Kisarawe. Siku moja mtoto wa Mama Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu wa msitu wa Kazimzumbwi, aliumwa na nyoka akitafuta maji mbali na nyumbani. Mama yake akambeba mpaka zahanati ya Maneromango. Kenge aliyatazama majani rafuni. Aliogopa kusema hajui, kwa sababu mwenye cheti hasemi hajui. Akatoa jani la homa. Mtoto alikufa kabla ya magharibi, na Paa, aliyelijua jani la sumu, alikuwa akipalilia mihogo mwendo wa asubuhi moja tu kutoka hapo.

Mwaka huo nchi ilipata kiongozi mpya, Mbogo, aliyetoka pande za Rufiji. Alikuwa mkali, na ukali wake ulikuwa wa haki kwa sehemu kubwa. Aliitisha mkutano chini ya mwembe wa Kibaha, akaamuru daftari lisomwe jina kwa jina, kila aliyeandikwa aitike kwa sauti yake mwenyewe. Majina ya popo yakasomwa, kukawa kimya. Ya marehemu yakasomwa, yatima wao wakalia kwa kusikia kwamba baba zao wanalipwa. Kisha Mbogo akaamuru kila cheti kioshwe kwa maji ya Ruvu. Udongo wa kweli ulishika. Udongo uliochanganywa na majivu ulichuruzika, na Kenge na wenzake wengi wakabaki wameshika magome matupu.

"Waondoke leo!" Mbogo akanguruma. "Na asiye na cheti kabisa aondoke nao!"

Ndipo Mzee Kobe naye akaambiwa atoke. Mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwamo. Umati ulishangilia. Waliokaa mbele, kulia kwa Mbogo, walishangilia kuliko wote: Kiboko, Nyani na Kicheche. Na aliyekuwa akisoma orodha ya wanaofukuzwa alikuwa Nyani.

Mama Sange alisimama. Ni mnyama mdogo, na ilibidi apande juu ya mzizi wa mwembe ili aonekane.

"Mheshimiwa Mbogo, mimi nimezika. Nashukuru kwamba Kenge ametoka kwenye dawa. Lakini nina swali moja. Kenge hakuwa na ufunguo wa daftari. Nani aliliandika jina lake?"

Kimya kikatanda. Mbogo hakuwa mjinga, na swali lilimpata. Akamwita Kunguru, aliyekuwa na makazi juu ya mabati ya ofisi za mkoa wa Pwani pale Kibaha na kusikia yote yanayosemwa chini yake.

"Binadamu walipopatwa na jambo hili walifanyaje?"

Kunguru akasema, "Machi 2016 Rais John Magufuli aliwapa wakuu wa mikoa siku 15 wawatafute watumishi hewa. Waliogunduliwa mwaka ule walizidi 10,000. Aprili 28, 2017, pale Dodoma, Waziri Angellah Kairuki alimkabidhi ripoti ya vyeti vilivyolinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Wenye vyeti vya kughushi walikuwa 9,932. Kulikuwa na vyeti vingine, kimoja kikitumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Wenye vyeti vya kughushi wakapewa mpaka Mei 15 wawe wameondoka wenyewe, la sivyo washtakiwe."

"Walifanya vizuri," Mbogo akasema.

"Walifanya lililopasa," Mama Sange akajibu, "kwa kuwa mgonjwa hawezi kungoja. Lakini, Kunguru, hao 9,932 walijiandika wenyewe?"

"Hapana, mama. Kila mmoja alikuwa na barua ya ajira, na kila barua ilitiwa saini na mtu."

"Basi waliotia saini walitajwa?"

"Orodha iliyokabidhiwa Dodoma ilikuwa ya walioingia. Haikuwa orodha ya waliowapitisha. Na uhakiki ule haukuwahusu viongozi wa kisiasa, yaani mawaziri, wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya. Ilielezwa kwamba sharti la nafasi zao ni kujua kusoma na kuandika."

Kiboko akaona macho yote yamemgeukia. Akajitetea. "Mimi hukanyaga barua mia kwa siku. Siwezi kuzisoma zote. Nawaamini wasaidizi wangu."

Mzee Kobe, aliyekuwa tayari ameanza safari ya kwenda kwake, akageuza shingo. "Mkurugenzi, pishi zako ni mara ishirini ya zangu. Tulikubali uzipate kwa sababu unyayo wako una uzito. Kama hauna uzito, tunakulipa kwa lipi?"

Nyani naye akasema alitekeleza maagizo kutoka juu. Mbogo akamuuliza maagizo hayo yameandikwa wapi. Nyani hakuwa na karatasi. Kicheche alisema alikuwa maskini na wengi walimwomba msaada. Hapo Paa akapaza sauti kutoka nyuma ya umati, akaeleza mbele ya wote aliloambiwa siku ile na Nyani. Paa wengine wawili wakasema nao waliambiwa hivyo hivyo. Kunguru akaongeza kwamba kwa binadamu kosa hilo lina jina, rushwa ya ngono, nalo limeandikwa katika kifungu cha 25 cha sheria ya mwaka 2007 ya kuzuia na kupambana na rushwa. Mwenye kulitenda hana pa kujificha nyuma ya kibali cha ajira.

Mbogo akamwita Kenge asikilizwe, ingawa wengi walipiga kelele kwamba hana cha kusema. Kenge alisema ukweli wake. Mama yake hana shamba tena. Aliambiwa bei, akailipa, akaamini kwamba ndivyo kazi zinavyopatikana. Kisha akamtazama Mama Sange, akasema, "Jani sikulijua. Ningesema sijui, angepelekwa kwingine. Hilo ni langu, si la Kicheche." Hakuna aliyempigia makofi, wala hakuna aliyemzomea.

Wazee wa nchi wakakaa kushauriana mpaka alfajiri. Walipotoka walikuwa na maamuzi, na kila uamuzi walikuwa wameupima kwa yale Kunguru aliyoyaona kwa binadamu.

Kuhusu Kobe, Kunguru alisimulia kwamba Mei 20, 2004 serikali ilianza kutaka kila anayeajiriwa awe amemaliza kidato cha nne. Miaka mingi baadaye, katika uhakiki, watumishi walioishia darasa la saba waliondolewa, wakiwamo waliofanya kazi zao kwa uaminifu na bila kughushi chochote. Aprili 2018 serikali iliagiza warudishwe kazini. Wazee wakasema: aliyedanganya na aliyeajiriwa bila kudanganya si watu wa fungu moja. Mzee Kobe akarudishwa kwenye mfereji, akapewa na vijana wawili wa kufundisha.

Kuhusu Kenge na wenzake, walisema hawatarudi. Cheti cha uongo kwenye zahanati ni hatari kwa mtoto wa kila mtu, na huruma haiwezi kukihalalisha. Lakini kila mmoja wao alikuwa akiweka akiba kibaba kimoja kila mwezi kutoka pishi zake kwa ajili ya uzee, na baadhi walitaka kibaba hicho nacho kitaifishwe. Kunguru akakumbusha kwamba mwaka 2022, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, serikali ilikubali kuwarudishia walioondolewa kwa vyeti vya kughushi michango waliyokatwa wao wenyewe katika mifuko ya hifadhi ya jamii. Wazee wakakubali. Adhabu ina kipimo chake, na nchi inayoadhibu kupita kipimo inawafundisha watumishi wake kuogopa badala ya kutenda haki. Wakasema pia kwamba aliyeguswa na uhakiki kimakosa apewe nafasi ya kukata rufaa kabla jina lake halijatangazwa sokoni.

Kuhusu nafasi ya tabibu, hawakumpa Paa hivi hivi, ingawa wote walimwonea huruma. Waliitangaza kwenye kila kisima, kutoka Mlandizi mpaka Maneromango. Kunguru aliwaambia sababu. Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kusailiwa kwa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka huo huo ajira nyingine 200 za idara hiyo zilisitishwa kwa malalamiko kwamba ndugu za watumishi wamependelewa. Kijana anayeshindwa usaili wa haki hurudi nyumbani na huzuni yake. Anayeshindwa na undugu hurudi nyumbani akiwa ameacha kuiamini nchi. Kwa hiyo Digidigi, mmoja wa wasaili, alipoona binamu yake Paa anaingia, alitoka nje, na kutoka kwake kukaandikwa. Paa akasailiwa na wasiomjua. Akafaulu kwa mbali.

Kuhusu Kiboko, Nyani na Kicheche, hapo ndipo Mbogo alipojaribiwa. Kiboko alikuwa rafiki wa wakubwa wote wa mto. Wengine walinong'ona ahamishwe tu, apelekwe Rufiji kwa cheo kile kile. Mbogo akakataa. Alisema kumhamisha aliyeharibu Kibaha ni kuwapelekea Rufiji uharibifu ukiwa umefungwa vizuri. Wote watatu walipewa hati za mashtaka, wakapewa siku za kujitetea, wakasikilizwa na kamati ambayo Mbogo mwenyewe hakukaa ndani yake, ili hasira yake isiwe hukumu. Waliopatikana na hatia waliondolewa, na korosho zilizoonekana kwao zikarudi ghalani. Sehemu ya kwanza ilikwenda kufukua visima vya popo.

Mwisho wakaandika sharti jipya juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Mbele ya kila jina la mtumishi liandikwe jina la aliyehakiki cheti chake na jina la aliyeidhinisha ajira yake. Siku cheti kikichuruzika, majina yote matatu yasomwe kwa sauti moja. Agizo kutoka juu likija, liandikwe pamoja na jina la aliyelitoa, na lisiloandikwa lisitekelezwe. Atakayeuliza kwa nini ghala linapungua asihamishwe kwa kuuliza. Ngiri alipolisikia hilo la mwisho alirudi kutoka kisima kikavu, akakaa mbele.

Hekaya imeisha, na inatuhusu sisi wa Kibaha, wa Kisarawe na wa kila halmashauri. Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 tunayo. Sekretarieti ya Ajira tunayo, na maombi ya kazi siku hizi yanapita kwenye mtandao badala ya droo ya mtu. Tume ya Utumishi wa Umma ya kusikiliza rufaa tunayo. Kanuni za maadili hutundikwa ukutani karibu kila ofisi. Vyombo hivi vimeundwa kwa jasho, na vimeokoa mengi. Lakini mfumo wa kompyuta hauna mjomba wala hauogopi mkubwa. Anayeulisha taarifa ndiye mwenye mjomba, na ndiye anayeogopa.

Tukimfukuza mwenye cheti cha kughushi tukamwacha aliyempitisha, tumefungua nafasi ya kuuzwa tena. Bei itapanda, kwa sababu muuzaji sasa anajua hatari inamwangukia mnunuzi peke yake. Anayelipa tofauti hiyo ni mgonjwa wa zahanati, mwanafunzi aliyefundishwa na asiyejua, na kijana mwenye cheti halali anayelima mihogo akisubiri kuitwa. Ndiyo maana kila barua ya ajira ya umma inapaswa kubeba jina la aliyehakiki na la aliyeidhinisha, na majina hayo yaitwe mbele ya kamati siku yoyote uongo utakapogundulika, hata kama mwenye jina amepanda cheo, amehama mkoa au amestaafu.